Ng'ombe wa Mbulu na Hanang: Urithi wa Mama na Urithi wa Baba

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, malisho yamezoea ng'ombe wa kienyeji mwenye umbo dogo, pembe fupi na nundu. Wataalamu humweka katika kundi la zebu wa Tanzania wa pembe fupi, na aina ya Mbulu, ifugwayo na Wairaqw, ni tawi mojawapo la kundi hilo. Nundu yaonyesha asili ya Asia, kwani zebu walianza kufugwa katika bonde la mto Indus miaka ipatayo 8,000 iliyopita. Je, habari hiyo yatosha?

Haitoshi. Jeni nyingi, yaani chembe za urithi, ndama huzipata kwa wazazi wote wawili. Lakini zile zilizomo katika mitokondria hutoka kwa mama peke yake, na kromosomu Y ndama dume huipata kwa baba. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba ng'ombe wa Afrika, hata wenye nundu, wana mitokondria ya ng'ombe wasio na nundu. Kinyume chake, kromosomu Y ya zebu imeenea mno Afrika Mashariki.

Sababu yake ni hii: ng'ombe jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, bali fahali mmoja aweza kuzaa ndama wengi. Wafugaji walipandisha majike yao kwa mafahali wa zebu. Tuseme jambo hilo larudiwa kila kizazi: urithi wa asili wa jike hubaki nusu, kisha robo, thumni, 1/16, na katika kizazi cha tano 1/32, yaani asilimia 3 hivi. Mitokondria haipungui hata kidogo. Uchunguzi wa ng'ombe 172 wa Afrika, uliotangazwa mwaka 2020, ulikadiria kwamba mchanganyiko huo ulitokea kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita.

Hesabu hiyo hiyo yatuhusu leo. Mbegu za mafahali wa kigeni hutolewa na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha. Chotara hutoa maziwa mengi zaidi, na hilo ni jema kwa mfugaji. Lakini ng'ombe wa kienyeji huvumilia kupe, ukame na malisho haba. Vizazi vitano vya kupandisha bila mpango vyaweza kufuta sehemu kubwa ya jeni ziletazo uvumilivu huo.

Wafugaji wa Peru wameonja jambo la namna hiyo. Alpaka, mnyama wa jamii ya ngamia, atokana na vikunya wa mwituni. Lakini uchunguzi wa mwaka 2001 ulikuta alpaka wengi wamechanganyika na lama. Kumrudisha alpaka halisi kwahitaji kwanza kumpata.

Kwa hiyo, chotara na wafugwe, lakini makundi ya zebu halisi yatengwe na kuandikwa yangali yapo.