Damu ya nguruwe, chai ya muhogo na gameli ya wachimbaji: konje yetu huko Taiwan

Wandugu, mbele ya yote mujue hivi: siyo sendika njo ililipa safari hii. Ninalisema mapema juu ninajua midomo ya cité. Mudogo wa bibi yangu anafundisha Kifaransa huko Taipei, mji mukubwa wa Taiwan, na aliolewa kulekule. Yeye njo alilipa tikiti mbili. Zingine zilitoka ku franka yangu ya konje na ku likelemba ya bibi, miaka mbili ya kufunga mukanda. Visa ilikawia mpaka tulianza kugombana mu nyumba. Kisha tukapanda ndege: Lubumbashi, Addis-Abeba, Bangkok, Taipei. Tulikuwa wane: mimi, bibi, kijana wetu wa miaka 14, na kasichana ketu ka miaka 9, kenye hakakubalake chakula bila kukinusa kwanza.

Majengo marefu mumeyaona ku televizyo, sitayasema. Nitasema chakula cha njiani, juu kule watu hawakimbilie kupika nyumbani mangaribi. Wanatoka. Kuna soko za usiku zenye zinafunguka wakati siye tunafunga zetu, na mutu anatembea akikula kidogo hapa, kidogo pale, mpaka anashiba bila kukaa ku meza hata moja.

Ya kwanza ilikuwa soko ya Raohe. Pa kuingilia, karibu na hekalu, watu walipanga mustari murefu sawa siku ya mushahara. Wanangojea mukate wa pilipili manga. Furu yake ni mutungi wa udongo wenye makaa chini. Muokaji anaingiza mukono ndani na kubandika mukate ku ukuta wa mutungi, nao unashikamana pale mpaka unaiva. Ndani mwake muko nyama ya nguruwe, majani ya kitunguu na pilipili manga nyingi, juu yake ufuta. Kijana wangu hakungoja ipoe, akaunguza ulimi, na siku mbili alisema sawa mutoto mwenye anaota meno. Mukate mumoja ni dola 60 hivi za kule, ni kusema karibu dola mbili za Amerika. Bibi alipiga hesabu kwa sauti mbele ya watu wote. Nilishukuru Mungu kwamba hakuna mwenye alisikia Kiswahili.

Mbele kidogo tukashikwa na harufu. Kasichana ketu kakasimama, kakashika pua: «Papa, huku kuna mutu alikufa.» Hapana, ni tofu. Tofu ni maziwa ya soya yenye kugandishwa na kukatwa vipande. Hii wanailoweka mu maji yenye kuchacha, kisha wanaikaanga mu mafuta na kukupa pamoja na kabichi ya siki. Harufu yake, niseme ukweli, ni ya bitoyo yenye kusahaulika mu mufuko wa plastiki wiki nzima. Lakini mutu mwenye alikomala na bitoyo hana haki ya kukimbia. Nilikula. Inje inalia kwa meno, ndani ni laini, na mu kinywa ile harufu haiko tena. Nikamaliza sahani, nikaomba ya pili. Bibi alikataa kutembea karibu yangu mpaka tulifika nyumbani.

Jambo moja la pembeni: mu barabara zao hakuna mapipa ya takataka, ao ni machache sana. Unabeba kijiti chako na kikombe chako mpaka nyumbani. Mangaribi kamyo ya takataka inapita ikipiga muziki, na kila mutu anatoka na mufuko wake. Kasichana ketu kalikimbia kuifuata, kakifikiri wanauzisha glasi.

Sasa muhogo. Mutakuwa mulisikia ile chai ya maziwa yenye vidonge vyeusi chini, yenye watu wanavuta na mrija munene. Ilizaliwa kule Taiwan mu miaka ya 1980, na nyumba mbili, moja ya Taichung na nyingine ya Tainan, zilifikishana mpaka ku tribinali juu ya kujua nani alianza. Vile vidonge ni muhogo! Wanatosha wanga wa muhogo, wanaumwangia maji ya moto na sukari ya rangi ya udongo, wanakanda, wanaviringisha vidonge sawa punje za njegere, wanachemsha murefu, kisha wanaviacha mu sukari. Shemeki alipotufasiria, bibi aliweka kikombe chini. «Muhogo! Mu chai! Na siye tunatwanga kila siku.» Kikombe kimoja kilikuwa na bei karibu sawa ule mukate wa pilipili. Alivuta vidonge vyote mpaka cha mwisho, kisha akakaa kimya, na ninamujua: alikuwa anahesabu mifuko ya muhogo ya dada yake.

Kulikuwa na vingine. Omleti ya chaza yenye kunata juu ya wanga wa kilenge. Mayai yenye kuchemshwa mu chai, yanauzishwa hata mu maduka madogo ya pembeni ya njia. Lakini niende ku kile chenye kilinifanya nishike kalamu.

Bwana wa shemeki ana baba muzee, na yule muzee alikuwa mine. Anatoka upande wa Ruifang, kusini kidogo ya bahari ya kaskazini, kwenye kulikuwa makaa ya mawe, zahabu na shaba. Alifanya makaa. Siku tulipokula kwake, ku meza waliweka majani ya kijani yenye kukaangwa na kitunguu saumu. Watoto wakalia pamoja: «Matembele!» Kweli, yalikuwa majani ya vilenge, yaleyale. Muzee alicheka. Alisema wakati wa utoto wake yale majani yalikuwa ya nguruwe, na watu walikula vilenge vya kukausha juu ya kukosa mchele. Leo restora zinayauzisha na bei.

Kisha akatoka na siye mu soko, na akatununulia kitu cheusi ku kijiti. Ni mchele wenye kunata, unachanganywa na damu ya nguruwe, unapikwa kwa mvuke, unapakwa unga wa karanga na majani ya kotimiri. Damu, wandugu. Ninajua wengi wenu, kufuatana na dini yenu, hamuwezi kuigusa, na bibi yangu vilevile alipitisha chake kwangu. Nilikula vyote viwili. Ladha ni ya karanga zaidi, na chini yake chumvi. Muzee alinitazama nikikula, akaniambia, shemeki akitafsiri: «Hii njo dawa yetu. Wachimbaji tulikula damu ya nguruwe juu inasafisha vumbi mu mapafu.»

Nilimuuliza kama ilisafisha. Hakujibu. Alikuwa anakohoa.

Munajua kile kikohozi. Ni cha baba yangu, ni cha majirani wa baba yangu, wale wa shimoni na wale wa usine, wenye wanapanda ngazi tatu na kusimama. Kwetu hawakutupa damu. Walitupa maziwa. Mpaka leo kuna kampuni, sitazitaja, zenye zinagawa maziwa na kusema vumbi limekwisha. Nimeketi mu mikutano nne ya sendika na mabwana wa kazi juu ya jambo hili. Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko mu mapafu. Ni nyumba mbili zisizo na mulango katikati. Vumbi linakatwa na maji ku mashine ya kutoboa, na hewa yenye kusukumwa mpaka chini, na masque yenye filtre ya kubadilishwa. Maziwa ni mazuri. Tuyanywe. Lakini yasiandikwe ku karatasi pa mahali pa masque.

Muzee alitaka kutuonyesha kwao. Tulipanda Jiufen, mugini wenye kukaa ku mubavu wa mulima, zamani wa zahabu, sasa wa watalii. Ngazi ni nyingi, na yeye alikaa chini na kikombe cha vidonge vya majimbi (wandugu wa Kivu wanasema mateke), vyenye rangi ya zambarau, mu maji ya sukari. Watoto walipanda juu na kurudi na mukate mwembamba sawa karatasi, ndani barafu ya majimbi na karanga za sukari zenye kukunwa na randa, na tena kotimiri. Kotimiri na barafu! Nilizani ni makosa ya muuzaji. Siyo makosa.

Jinguashi iko karibu pale. Ile mine ilifungwa mwaka 1987, na sasa ni makumbusho. Kuna kipande cha zahabu cha kilo 220, kila mutu anaruhusiwa kukigusa kwa tundu la kioo. Kijana wangu alijaribu kukisukuma na mikono yote mbili na hakikutikisika. Tuliingia mu tuneli na kofia mpya, safi. Hakuna vumbi, hakuna kelele. Nilifikiri: mine ni nzuri sana ikikufa. Shaba vilevile ilichimbwa pale, na wakati wa vita ya pili ya dunia Wajapani, wenye walitawala kisiwa, walishusha mule mateka wa vita, Waingereza na wengine, kuichimba. Iko kibao cha ukumbusho. Nilisimama murefu pale, bibi akaja kunivuta.

Na makaa ya muzee? Mwaka 1984 peke yake, mine tatu za makaa za upande ule zilipatwa na moto ao mulipuko, mu mwezi wa 6, wa 7 na wa 12. Wachimbaji kupita 260 walikufa. Moja, Meishan, ilikuwa kwao Ruifang: 103 mu siku moja. Muzee alifanya ku mine ingine. Alituambia tu kwamba wawili kati ya wale alikuwa anakunywa nao pombe, na akaomba twende kukula.

Mu restora ya makumbusho wanauzisha «chakula cha muchimbaji». Ni gameli ya chuma, inafungwa ndani ya kitambaa chenye karata ya mugini, na vijiti. Ndani: mchele, kipande kikubwa cha nyama ya nguruwe, mboga ya chumvi. Watalii wanapiga foto. Unaweza kupeleka gameli kwako. Muzee alifungua yake, akatazama ile nyama, akacheka na pua. Yake ya zamani, alisema, ilikuwa mchele na figili ya chumvi, yai kama bibi yake alikuwa na furaha, na nyama siku ya mushahara.

«Na nyinyi, munakula nini kule chini?»

Nilimuambia ukweli. Wale wenye mukataba na kampuni yenyewe wako na kantini. Wale wa sous-traitance, wenye wanafanya kazi ileile ku shimo lilelile, wanapata mukate na limonade, na kuna siku mukate haufike. Shemeki alisita mbele ya kutafsiri, nikamuambia aseme.

Muzee aliuliza tena: «Na juu ya vumbi?»

«Maziwa.»

Alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamushika, na mwana wake alimupigapiga mugongo muda murefu, watu wa meza zingine wakigeuka. Alipopata pumzi, alisukuma gameli yake mbele yangu, nyama haikuguswa, na kusema neno moja. Shemeki alitafsiri: «Kula.»

Nilikula. Gameli tuliiosha na kuirudisha mu sanduku, juu bibi alisema tumekwisha kuilipa. Iko nyumbani sasa. Ninaipeleka ku kazi na bukari na matembele. Bukari inapita midomo na kifuniko hakifungi vizuri, kwa hiyo ninaifunga na kile kitambaa cha karata, na wandugu wa ekipi wanasoma majina ya milima ya Jinguashi wakingoja mukate wao.