Swichi nzuri lazima ijue kukataa

Tuseme ofisi ina laini ya mtandao ya kilobiti 2,000 kwa sekunde, na simu zote za mezani zinapita humo. Sauti ya simu moja, kwa mfumo wa kawaida wa G.711, inahitaji kilobiti 64 kwa sekunde. Lakini kila milisekunde 20 za sauti hufungwa kwenye pakiti, na kila pakiti hubandikwa anwani na maelezo mengine ya baiti 40. Ukijumlisha, simu moja inakula kilobiti 80. Gawanya sasa: laini inabeba simu 25, basi.

Mtu wa 26 anapiga. Swichi ifanye nini?

Konda wa daladala angesema "ingia tu, tutabanana". Kwenye swichi hiyo ni hatari. Kilobiti zinazohitajika ni 2,080, zilizopo ni 2,000. Zinazozidi zinapanga foleni, foleni inajaa, na pakiti zinaanza kutupwa. Na hazitupwi za mgeni peke yake! Inatupwa yoyote inayokuta foleni imejaa. Karibu asilimia 4 ya sauti inapotea, na inayofika inachelewa. Badala ya mtu mmoja kukosa simu, watu 26 wanaulizana "haloo, unanisikia?"

Ndiyo maana swichi huwekewa mlinzi mlangoni. Kabla simu haijaunganishwa, inatangaza mahitaji yake. Swichi inapiga hesabu, na kama nafasi haipo, mpigaji anasikia mlio wa bize.

Hesabu yenyewe ina utamu wake. Mtu haongei muda wote. Kuna wakati anamsikiliza mwenzake, na kifaa kinaweza kuacha kutuma pakiti akiwa kimya. Tuchukulie kila mmoja anaongea asilimia 40 ya muda, bila kumfuata mwingine. Kwa wastani simu inatumia kilobiti 32 tu. Je, turuhusu simu 62? Hapana. Wastani unadanganya: kwa zaidi ya asilimia 40 ya muda, wanaoongea kwa pamoja watazidi 25. Lakini ukiruhusu simu 40, uwezekano huo unashuka hadi karibu mara 1 katika 800. Umepata nafasi 15 zaidi bila kununua laini nyingine.

Hesabu za namna hii zina umri mkubwa. Mwaka 1917 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, Denmark, alichapisha kanuni ya kukadiria ni simu ngapi zitakataliwa kwa idadi fulani ya laini.

Intaneti ya kawaida kwa sehemu kubwa haina mlinzi huyu. Hukataliwi, unacheleweshwa. Ukurasa wa wavuti unaweza kusubiri sekunde mbili na usione shida, mazungumzo hayawezi.

Linabaki swali moja ambalo hesabu peke yake hailijibu: vipi kama simu ya 26 ni ya mtu anayeita zimamoto? Swichi haiwezi kujua isipoambiwa mapema. Kwa hiyo fundi anaweza kuzuia simu za kawaida zikifika 23, na kuacha nafasi mbili wazi kwa ajili ya dharura. Siku nyingi zitakaa bure, na kuna watakaosikia bize huku nafasi zipo. Hiyo ndiyo gharama yake.