Alama ya mtu ni amana: Kava za simu, jina la kampuni na halali ya muuzaji

KATIKA senta ya Nkwenda, wilayani Kyerwa, kama ilivyo katika senta nyingine nyingi za mkoa wa Kagera, biashara ya kupamba simu ni mlango wa riziki kwa vijana. Mtaji wake si mkubwa. Meza, mkasi, kisu chembamba, karatasi za stika na kava chache zilizotoka Kariakoo, Mwanza au ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, zinatosha kumwanzishia mtu maisha. Mteja huleta simu iliyochakaa mgongo, akaondoka nayo iking'ara.

Katika kupamba simu hakuna ubaya. Mwenyezi Mungu (SW) hakuwaharamishia waja wake pambo, wala hakumkataza mtu kula jasho la mikono yake. Swali linakuja pale stika au kava hiyo inapobeba alama ya kampuni ambayo haikuitengeneza, haikuiruhusu wala haijui kama ipo. Je, kijana aliyeichapa, mwenye duka aliyeiuza na mzazi aliyeinunua kwa ajili ya mwanawe, kila mmoja amesimama wapi mbele ya sheria ya nchi na mbele ya Mola wake?

Ndugu msomaji, wengi huliona jambo hili kuwa dogo. Lakini ndani yake kuna mtaji wa familia unaoweza kupotea kwa siku moja, na kuna suala la chumo ambalo kila mmoja wetu ataulizwa.

Alama ni ushahidi

Kwanza tuelewe alama ya biashara ni kitu gani. Alama si pambo tu. Ni ushahidi. Inamwambia mnunuzi: "Kitu hiki kimetoka kwa fulani, na kikiharibika fulani huyo ndiye wa kuulizwa."

Watu wa Pwani wameijua maana hii kwa muda mrefu kupitia khanga. Huko Mombasa, nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, inayohesabu historia yake tangu mwaka 1887, ilijipatia jina kwa alama ya "Mali ya Abdulla" iliyochapwa kwenye kitambaa. Mama aliyekwenda dukani aliitafuta alama hiyo kabla ya kulipa, kwa kuwa aliamini kuwa rangi haitachuja. Maneno hayo machache yalibeba kazi ya miaka mingi. Mtu anayeyachapa juu ya kitambaa kingine hakuchukua wino, bali amechukua imani waliyonayo watu kwa mwingine.

Mkulima wa Kyerwa halihitaji somo refu hapa. Anajua tofauti ya kahawa iliyochumwa ikiwa imeiva na kukaushwa juu ya chanja, na ile iliyokwanguliwa mbichi na kuanikwa chini. Fikiri mkulima amehangaika miaka kumi mpaka wanunuzi wakaliamini jina lake, kisha mwingine akaliandika jina hilo juu ya gunia lenye mchanga. Hakuibiwa hata punje moja, lakini nani atasema hakudhulumiwa?

Sheria inasemaje

Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Msajili wake yupo chini ya BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Alama ikisajiliwa hulindwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha mwenyewe huweza kuihuisha kwa vipindi vya miaka 10. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008, hivyo usajili wa upande mmoja haumlindi mtu upande wa pili.

Ipo pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, maarufu kwa kifupi cha FCC. Kwa sheria hii wakaguzi wana uwezo wa kuingia dukani au ghalani na kukamata bidhaa zinazobeba alama ya kughushi. Bidhaa zikithibitika kuwa bandia, huteketezwa. Mwenye alama naye ana mlango wa mahakama, ambako anaweza kuomba muuzaji azuiwe na alipe fidia. Majirani zetu nao wamejiwekea sheria: Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, na Uganda ikatunga Sheria ya Alama za Biashara mwaka 2010. Mzigo unaovuka mpaka, basi, haukimbii sheria, bali unatoka katika sheria moja na kuingia katika nyingine.

Wanazuoni wamesema nini

Baadhi ya watu husema kwamba alama haishikiki mkononi, kwa hiyo haiwezi kuwa mali. Ni kweli kwamba mafakihi wa zamani walihitilafiana juu ya maana ya mali. Wanazuoni wa Kihanafi wa mwanzo walielekea zaidi kwenye kitu chenye umbo kinachoweza kuhifadhiwa, ilhali wengi katika madhehebu mengine walihesabu pia manufaa kuwa mali.

Katika zama zetu suala hili lilijadiliwa na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha tano, kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988. Baraza liliamua kuwa jina la biashara, alama ya biashara, uandishi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zenye thamani ya kifedha inayotambuliwa na desturi za watu leo, na kwamba sheria ya Kiislamu inazilinda, hivyo haifai kuzivamia. Liliruhusu pia haki hizo kuuzwa au kuhamishwa, mradi pasiwe na gharari wala udanganyifu.

Uamuzi huo haukuzuka hewani. Nabii Shuaib (AS) aliwaonya watu wa Madyan juu ya vipimo na mizani, tena akawakataza kuwapunja watu vitu vyao, na neno "vitu" ni pana. Naye Mtume wetu Muhammad (SAW) alipopita sokoni alitia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini kuna unyevu uliofichwa na ukavu wa juu. Alimkemea mwenye nafaka kwa kutoiweka ile yenye unyevu juu ili watu waione. Kosa la mtu yule halikuwa kuuza nafaka iliyonyeshewa. Kosa lilikuwa kuifanya sura ya juu iseme lisilokuwamo ndani, na alama ya kughushi hufanya jambo lile lile.

Visingizio vitatu

Kisingizio cha kwanza husema: "Kampuni hizo ni tajiri, zipo mbali, na wenyewe si Waislamu." Hebu tukumbuke usiku wa Hijra. Makuraishi walikuwa wamepanga kumuua Mtume (SAW), lakini amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Alimwacha Ali (RA) Makka ili azirejeshe kwa wenyewe. Ikiwa haki ya adui haikuangushwa na uadui wake, haki ya tajiri wa mbali haiwezi kuangushwa na utajiri wake.

Kisingizio cha pili husema: "Mteja mwenyewe anajua kuwa ni feki." Hoja hii ina uzito kidogo, kwa sababu anayejua hakudanganywa. Lakini katika mauzo haya kuna mtu wa tatu ambaye hakuwepo mezani, naye ni mwenye alama. Ridhaa ya mnunuzi haiwezi kutoa kilicho cha mwingine. Isitoshe, kava ile itauzwa tena au kutolewa zawadi, na atakayeipokea hatajua. Vilevile chaja au betri ikivaa jina la kughushi, hatari yake haiishii kwenye mfuko wa mtu, kwani inaweza kuunguza nyumba.

Kisingizio cha tatu husema: "Ni pambo tu." Kama ni pambo tu, kwa nini stika yenye alama kubwa inauzwa haraka kuliko ua zuri alilolichora kijana mwenyewe? Tofauti hiyo ya bei ndiyo thamani ya jina la mwingine, nayo ndiyo inayopaswa kuulizwa imetoka wapi.

Mpaka wa haki ya mwenye alama

Hata hivyo, uadilifu una pande mbili. Mwenye alama naye ana mpaka. Kutengeneza kava inayoingia vizuri kwenye simu ya Samsung, kisha ukaandika kwa ukweli kwamba "inafaa kwa simu ya Samsung", si sawa na kuichapa alama ya Samsung ili watu wadhani imetoka kiwandani kwao. Sheria nyingi za alama duniani huitambua tofauti hii. Ya kwanza ni maelezo ya kweli. Ya pili ni ushahidi wa uongo.

Mvutano wa aina hii umewahi kuonekana waziwazi huko ng'ambo. Mwishoni mwa mwaka 2020, mashine ya michezo ya PlayStation 5 ilipotoka, kampuni moja ilianza kuuza mabamba ya rangi ya kuipamba kwa jina la PlateStation5. Mawakili wa Sony walipoingilia, kampuni hiyo ilibadili jina, na baadaye ikafuta oda na kurudisha fedha za wateja. Mwaka 2021 kampuni ya dbrand ya Kanada, mashuhuri kwa stika za simu, nayo iliondoa sokoni mabamba yake baada ya barua ya Sony, kisha ikarudi na mengine yenye umbo tofauti.

La kuzingatia ni kwamba mwaka 2023 dbrand hiyo hiyo ilifungua kesi dhidi ya kampuni ya kava ya Casetify, ikidai kuwa michoro yake imenakiliwa. Hoja yake, iliyohusu hakimiliki na si alama, ilitegemea ishara ndogo ilizokuwa imezificha ndani ya michoro, ambazo ilisema zimeonekana pia katika bidhaa za mwenzake. Aliyekuwa akizuiwa jana, leo ndiye anayeomba kulindwa. Kijana wa Nkwenda anayedhani sheria hizi ni za wakubwa tu, aufikirie mfano huo siku atakapouona mchoro wake kwenye meza ya jirani.

Mkono wa sheria uanzie juu

Lipo jambo la kuwaambia wasimamizi pia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia ambazo namba zake za utambulisho hazikutambulika. Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2012. Hatua hiyo ilitangazwa mapema, na wananchi walielekezwa namna ya kuhakiki simu zao. Lakini simu ilipozimika, aliyebaki na kipande cha plastiki kisicho na kazi ni mnunuzi. Aliyeingiza mzigo alikuwa ameshakula faida.

Ndivyo inavyoweza kuwa katika kava na stika. Muuza meza akinyang'anywa bidhaa zake, hupoteza ada ya mtoto na kodi ya chumba. Mwenye kontena hupoteza sehemu tu ya mzigo. Katika historia ya Uislamu, muhtasibu wa soko alikagua mizani na kuonya kabla ya kuadhibu. Ukaguzi wa haki huuliza mzigo umetoka kwa nani, kisha hupanda ngazi hadi juu. Muuzaji naye aurahisishe ukaguzi huo kwa kudai risiti kila anaponunua. Asiye na risiti hana la kuonyesha anapoulizwa.

Njia ya halali ipo

Kijana akiacha alama za watu, atauza nini? Ardhi ya Karagwe ya kale, ambayo Kyerwa ilimegwa kutoka kwake kuwa wilaya mwaka 2012, haikukosa sanaa. Huko Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe, wafua chuma walitengeneza sanamu za ng'ombe zenye pembe ndefu, ambazo sifa yake imevuka mipaka ya nchi. Akina mama wanasuka vikapu na mikeka yenye mistari ambayo ingependeza mgongoni mwa simu yoyote. Yapo majani ya migomba, matunda ya kahawa, na yapo majina ambayo wateja wenyewe hupenda kuandikiwa.

Mchoro wa mtu mwenyewe hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo ofisi yake. Jina la biashara yake linaweza kusajiliwa BRELA, na maombi hufanyika kwa mtandao bila safari ya Dar es Salaam. Vijana watano wakichangia alama moja na kuitunza kwa kazi safi, baada ya miaka michache wateja wataiuliza kwa jina.

Mzazi naye ana sehemu yake. Mtoto anayenunuliwa kava ya jina la kughushi ili aonekane ana kitu asicho nacho, anafundishwa somo ambalo hatutalipenda atakapokuwa mkubwa. Bora kava isiyo na jina kuliko jina lisilo na ukweli.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze na halali yake, na awape vijana wetu jina jema wanalolijenga kwa mikono yao. Wabillahi tawfiq.