Kadutu: chupa moja ya wiski, sufuria moja ya tangawizi, wageni ishirini

Huku Bukavu hatuna theluji, lakini baridi ya mwezi wa Desemba tunaijua vizuri. Mji uko karibu mita 1 500 juu ya bahari, na mvua iliyoanza Septemba haitatuacha mbele ya mwezi wa tano. Kule Kasali, Cimpunda, Nkafu ao Nyamugo, kwenye nyumba za mbao zilizobanana juu ya udongo mwekundu, ikifika jioni upepo unapita kati ya ubao na ubao. Watoto wanavaa pulovere, wazee wanasogea karibu ya mbabula. Na ni siku zile zile wageni wanakuja: Noeli, Bonana, ubatizo, mahari iliyongojea mwisho wa mwaka. Mtu amepanda mlima wa Kadutu na matope mpaka magotini, viatu mkononi, halafu munamupatia bia ya baridi. Ni sawa na kumurudisha kwenye mvua.

Tena bia yenyewe ina hadithi yake. Mwezi wa pili 2025, M23 walipoingia Bukavu, kiwanda cha Bralima kiliporwa. Mwezi wa sita, Heineken, iliyokuwa mwenye Bralima wakati ule, ikatangaza kwamba haina tena usimamizi wa mali yake ya Bukavu na Goma. Benki nazo zilikuwa zimefunga milango. Kwetu kipimo cha mtu anayejua kupokea kilikuwa makasha ya Primus yaliyopangwa kwenye ukuta wa salon, na kila mjomba aliyahesabu kwa jicho kabla ya kukaa. Leo anayekosa kasha anajaribiwa na njia mbili: kanyanga ya kibidoni, ao chupa ndogo zilizoandikwa "whisky" ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi. Tunafikiri iko njia ya tatu, na haiombi feranga mingi: chupa moja tu ya wiski ya kweli, na sufuria kubwa ya tangawizi ya moto.

Si uvumbuzi wetu. Watu wa Ireland na wa Uskoti tangu zamani wanakunywa wiski ndani ya maji ya moto, na sukari, ndimu na karafuu, wakati wa baridi. Waingereza wanaiita "toddy", na jina hilo halikuzaliwa kwao: lilitoka India, kwenye neno "tari", yaani pombe ya utomvu wa mnazi na minazi mingine. Wabeleji, na ndugu zetu wengi walio Brussels wanalijua hili, Desemba wanakunywa divai ya moto yenye mdalasini kwenye soko za Noeli. Kila watu wanachemsha walicho nacho. Sisi tuko na tangawizi.

Jambo la kwanza, na kama hamushiki lingine mushike hili: wiski haiingii ndani ya sufuria. Inaingia ndani ya kikombe, mwishoni, na kwa anayeitaka tu.

Juu ya nini? Kwanza, pombe inaanza kuchemka kwenye digrii 78, kabla ya maji. Ukiimwaga ndani ya sufuria inayotokota, utapika feranga zako na harufu yake nzuri itaenda kwa jirani. Pili, ule mvuke unashika moto. Juu ya mbabula yenye makala mekundu, ndani ya nyumba ya mbao, hatutaki hata kuufikiria. Kadutu imeshajua moto wa kutosha, nyumba moja ikishika na avenyu nzima inafuata.

Lakini sababu kubwa kwetu iko nyingine. Sufuria isiyo na pombe ni ya wote. Watoto watakunywa, mama mwenye mimba atakunywa, jirani Mwislamu atakunywa bila kuuliza, na yule ndugu wa kanisa la uamsho pia. Motari anayepaswa kurudisha watu nyumbani saa tatu za usiku atakunywa. Tunajua jinsi inavyokuwa kwenye fete zetu: mtu akikataa kilauri, maswali yanaanza. "Uko mugonjwa? Uko unakunywa dawa? Ulishakuwa mulokole?" Mwenye aliacha pombe kwa shida, na tuko na wengi katika kila familia, anajikuta anajitetea mbele ya batu bote. Hapa wote wanashika kikombe kimoja, chenye rangi moja na moshi mmoja. Nani ameongeza na nani hakuongeza, hakuna anayeona.

Sasa tuingie jikoni. Kwa watu ishirini tunaweka lita tano za maji, juu moja itaenda na mvuke. Tangawizi, karibu nusu kilo. Sokoni Kadutu wanauza kwa mafungu, na mama muuzaji atakuonyesha kwanza ile nene, laini, inayongaa. Ni nzuri kwa macho. Lakini ile ya zamani, kavu kidogo, yenye nyuzi nyingi ukiivunja, ndiyo inayowaka, na mara nyingi ndiyo ya bei rahisi. Usiimenye ganda, ioshe tu udongo wote kwa brosi. Halafu itwangwe kwenye kinu. Kukata vipande kwa kisu ni uvivu ambao utausikia kwenye ulimi: tangawizi ya vipande inatoa harufu tu, ya kutwanga inatoa moto.

Robo ya ile tangawizi iliyotwangwa iwekwe pembeni. Hii ni siri ambayo wengi hawana. Tangawizi ikipikwa sana ukali wake unapungua, unageuka kuwa utamu wa kutulia. Ndiyo maana ile inayochemka tangu asubuhi ikifika jioni inakuwa sawa na chai ya mgonjwa. Kwa hiyo robo tatu inaingia mwanzoni pamoja na maji, na robo ya mwisho inaingia dakika tano kabla ya kuepua. Ya kwanza inakaa kifuani, ya pili inapanda puani.

Pamoja na ile ya kwanza, weka vipande vitatu vya mdalasini (wengine kwetu wanasema canelle), punje kumi za karafuu, na pilipili manga nzima kama kijiko kidogo. Karafuu, hapana zidisha! Mtu akisikia kumi kwa lita tano anacheka, anaweka mkono mzima, halafu wageni wanakaa na ulimi uliokufa ganzi kama wametoka kwa daktari wa meno. Kama nanasi za Idjwi zimefika, maganda ya nanasi moja, yaliyooshwa vizuri, yaingie pia. Yanaleta utamu ambao ungetafuta kwa sukari, na nanasi lenyewe watoto wamekwisha kulila.

Dakika arobaini, moto mdogo, sufuria imefunikwa. Tunajua bei ya makala. Kwa hiyo hii kitu haipikwi peke yake: maharagi yakitoka, sufuria ya tangawizi inapanda juu ya makala yale yale yanayoelekea kufa. Moto wa namna hiyo ndio unaofaa.

Mwishoni, pamoja na tangawizi ya robo, vijiko viwili vya majani ya chai. Si kwa ladha hasa. Majani yanaleta ile rangi ya kahawia ambayo ni rangi ya wiski yenyewe, na hapo vikombe vyote vinafanana kama tulivyosema. Epua, chuja kwa kitambaa safi, weka sukari ao asali kwa kuonja. Ndimu sita hadi nane zikamuliwe wakati sufuria iko chini; ndimu iliyochemshwa inaleta uchungu. Kisha yote kwenye thermos. Nani hana thermos aifunge sufuria kwa blanketi, itakaa moto saa mbili bila shida.

Kwenye wiski tutakuwa wafupi kwa yaliyo rahisi, warefu kwa yaliyo magumu.

Rahisi: hamuhitaji wiski ya miaka kumi na mbili. Karafuu na tangawizi zitaifunika yote na mutakuwa mumetupa feranga. Johnnie Walker Red Label ao William Lawson's inatosha kabisa. Neno "Scotch" kwenye etiketi linalindwa na sheria ya Uingereza: maana yake pombe imelala miaka mitatu ao zaidi ndani ya pipa la mti wa mwaloni, na haiko chini ya asilimia 40. Kipimo ni vijiko viwili vya supu kwa kikombe, yaani mililita 30. Weka wiski kwanza, halafu tangawizi juu yake, ya moto lakini isiyotokota. Chupa ya sentilita 70 inatoa vikombe 23. Hesabu kidogo: kikombe kimoja kina pombe kamili ya mililita 12; Primus kubwa ya sentilita 72, kwenye asilimia 5, ina 36. Kwa hiyo vikombe vitatu ni Primus moja. Kijiko kikae kwa mtu mmoja tu, na tunashauri awe shangazi asiyeogopa wajomba. Chupa ikianza kuzunguka mezani yenyewe, hesabu yote hii haina kazi.

Gumu ni kujua kama chupa ni ya kweli. Chupa tupu za wiski zenye jina zina wanunuzi, na si wote wanaoweka mafuta ya kula ndani. Angalieni kifuniko: kile kipete kinachovunjika wakati wa kufungua kiwe kizima. Angalieni etiketi kama imebandikwa sawa, na dawa yenyewe kwenye mwanga: isiwe na takataka inayoogelea. Bei iliyo nusu ya bei ya maduka mengine si baraka ya Noeli. Na fete ikiisha, chaneni etiketi kabla ya kutoa chupa nje.

Kuhusu vichupa vidogo na vifuko, someni maandishi madogo. Mara nyingi ni pombe tupu iliyowekwa rangi na harufu ya wiski, haijaona pipa hata siku moja. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya vifuko mwaka wa 2017, Uganda ikafuata 2019.

Na kanyanga? Wengi watatuuliza, juu iko karibu, na kila mtu anamjua mama anayeipika. Hatutukani kanyanga. Kuna watoto wengi wa Kadutu ambao minerval yao ililipwa na ile mitungi. Lakini ndani ya hii kinywaji tunasema hapana, na si kwa heshima ya wiski. Pombe inayotoneshwa bila kipimo, na zaidi ile ambayo muuzaji wa pili ameiongezea kitu ili iwake, inaweza kuwa na methanol. Ile haina rangi, na harufu yake ni ya pombe tu. Kuwasha moto ndani ya kijiko, sawa wazee wanavyofanya, kunaonyesha kwamba kuna pombe. Hakuonyeshi ni pombe gani. Na viungo vyetu vikali ndivyo vibaya zaidi hapo: vinaficha hata ile ladha mbaya ambayo ingekushitua. Kuchemsha na tangawizi hakusafishi, ndimu haisafishi. Mwaka wa 2010, kule Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, si mbali sana na sisi, watu karibu 80 walikufa kwa waragi yenye methanol. Ugonjwa unakuja polepole, masaa mingi baadaye ao kesho yake: kichwa, tumbo, kupumua mbiombio, macho yanaona kama ukungu. Batu wanasema "amelewa, mumuache alale." Hapana. Mtu anayesema haoni vizuri baada ya kunywa anapelekwa hôpital général usiku ule ule, hata kwa mgongo.

Neno moja juu ya joto lenyewe. Wengi wanaamini ni wiski inayopasha mwili. Inadanganya: inafungua mishipa chini ya ngozi, unasikia uso unawaka, lakini joto la ndani linatoka nje. Kinachopasha ni maji ya moto, na ile kuwaka ya tangawizi. Kwa hiyo mgeni anayetaka kushuka usiku chini ya mvua, kikombe chake cha mwisho kiwe cha sufuria peke yake, bila kijiko. Na apewe mwavuli.

Makapi yaliyobaki kwenye kitambaa msiyatupe. Kesho asubuhi yarudisheni ndani ya sufuria na lita mbili za maji na majani kidogo ya chai, yatoe mara ya pili. Itakuwa dhaifu kuliko ya jana, lakini kwa mikate iliyobaki inatosha, na watoto wataigombania.