Magnesi ni Moja, Chumvi Zake ni Nyingi

Katika maduka ya dawa ya mijini siku hizi huonekana chupa za vidonge vya magnesi zimepangwa rafuni, nazo hazifanani kwa jina wala kwa bei. Moja imeandikwa oksidi, ya pili sitreti, ya tatu glisineti. Mama aliyeambiwa na jirani yake kwamba magnesi huondoa kubanwa na misuli usiku husimama mbele ya meza ya muuzaji asijue achague ipi. Mara nyingi huchukua ile yenye tarakimu kubwa zaidi, akidhani kwamba ndiyo yenye nguvu, na hapo ndipo fedha za nyumbani zinapopotea.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba magnesi ni metali, nayo haitiwi katika kidonge peke yake. Sharti iungane na kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho kinachoipa chumvi jina lake, uzito wake na tabia yake tumboni. Katika miligramu 500 za oksidi mna magnesi yenyewe miligramu 300 hivi. Katika miligramu 500 za sitreti mna 80 hivi, na katika glisineti 70 hivi. Tena watengenezaji hawaandiki kwa namna moja: huyu huandika uzito wa chumvi nzima, yule huandika uzito wa magnesi pekee. Swali la kumwuliza muuzaji basi ni moja: magnesi yenyewe ni miligramu ngapi katika kila kidonge? Asiyeweza kulijibu kwa kusoma karatasi ya chupa hafai kuaminiwa katika mengine.

Lakini wingi pekee hautoshi. Oksidi, ambayo kwa kawaida ndiyo rahisi kwa bei, huyeyuka kwa shida, hivyo sehemu kubwa yake hupita matumboni na kutoka pamoja na choo. Sitreti huyeyuka vizuri zaidi, na mwili hupokea sehemu kubwa zaidi ya kile kilichomo. Walakini nayo hulainisha choo, jambo ambalo ni faraja kwa aliyefunga choo na ni adha kwa mwenye tumbo jepesi. Huyu wa pili aghalabu huvumilia glisineti vizuri zaidi, ingawa atailipia. Ipo pia thrionati, inayosifiwa kuwa hutia nguvu kumbukumbu. Ushahidi wake ungali mdogo, ila bei yake si ndogo.

Na ule msuli unaobana usiku? Uchunguzi wa waganga uliofanywa kwa watu wazima wenye umri mkubwa umeonyesha kwamba magnesi haielekei kuwapunguzia maumivu hayo kwa kiasi cha maana, iwe ni ya chumvi gani.

Jambo moja husahauliwa na wengi, nalo ni kwamba magnesi ilikuwamo majumbani zamani kabla ya chupa hizi. Haluli ni salfeti ya magnesi. Maziwa ya magnesia ni magnesi, na vidonge vingi vyeupe vinavyotafunwa kutuliza kiungulia vina magnesi ndani yake. Mtu atafunaye hivyo kila siku kisha akaongeza vya chupa mpya amejizidishia kipimo bila kujua.

Salfeti hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa hospitalini kwa kifafa cha mimba. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, nayo yalionyesha kwamba sindano za salfeti ya magnesi ziliipunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo dawa hiyo hutolewa na wauguzi wanaohesabu pumzi za mgonjwa na kupima mkojo wake. Mjamzito anayeumwa kichwa sana, anayeona maluweluwe au aliyevimba uso asinyweshwe haluli nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wataalamu wa Marekani wameweka miligramu 350 kwa siku kuwa ukomo wa magnesi ya vidonge kwa mtu mzima. Wa Ulaya wameweka 250. Ukomo huo hauhesabu chakula. Anayepaswa kuogopa hasa ni mwenye ugonjwa wa figo, kwa sababu figo ndizo zinazotoa magnesi iliyozidi. Zikilegea, magnesi hujikusanya katika damu, misuli ikapoteza nguvu, shinikizo la damu likashuka, na mwisho moyo na pumzi vikadhoofika. Mzee wa nyumbani asinunuliwe vidonge hivi kama zawadi kabla figo zake hazijapimwa. Aidha magnesi huzuia dawa kama doksisaiklini na siprofloksasini zisipokewe na mwili, hivyo zimezwe saa 2 kabla ya magnesi, au saa 4 hadi 6 baada yake.

Mwanamke mzima huhitaji kiasi cha miligramu 320 kwa siku, mwanamume 420, na sehemu kubwa yaweza kutoka jikoni. Gramu 30 za mbegu za maboga zilizokaangwa hutoa miligramu 150 hivi; karanga za uzito huo hutoa 50 hivi. Maharage, ulezi, na mchicha, ambao wengine huuita lengalenga, vyote vinayo. Unga wa mahindi usiokobolewa huwa na magnesi mara tatu hivi ya ule mweupe uliotolewa kiini, na huo mweupe ndio unaopendwa.

Wanaopungukiwa kweli ni wenye kuharisha kwa muda mrefu, baadhi ya wagonjwa wa kisukari, na wanaotumia kwa miezi mingi dawa za kuongeza mkojo au za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli. Hao wamweleze mganga dawa zote wanazotumia, kwa kuwa magnesi iliyomo katika damu haifiki hata asilimia 1 ya ile ya mwili mzima, na kipimo cha damu chaweza kuonekana kizuri hali upungufu upo.