Takwa, mji uliohamia kwenye maji matamu

Siku ya kwenda Takwa huipangi wewe, huipanga mwezi. Magofu haya yako kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu, mwisho wa mkono wa bahari unaopenya mikokoni hadi karibu ukikate kisiwa vipande viwili. Maji yakijaa, mashua inakufikisha karibu na magofu yenyewe. Yakipwa, njia inabaki tope, na aliyezubaa huko ndani atangoja maji ya pili. Ndiyo maana manahodha hupenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapopanda karibu mita 3. Siku za maji mafu, safari ni ya upondo na subira.

Njiani pana jambo la kutazama kabla ya kuta. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na miti inayoitwa kwa jina hilo moja haifanani tabia. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyojipinda juu ya tope, huizuia chumvi mizizini, ikapita kidogo sana. Mchu huiacha iingie, kisha huitoa kupitia majani. Chuma jani la mchu siku ambayo haijanyesha, uligeuze kwenye mwanga: utaona chembe nyeupe zinazometa. Lilambe, ni chumvi tupu. Watu wa Takwa walikuwa na miti hii mlangoni, wakaikata boriti na kuni, lakini kiu yao ilihitaji maji ya aina nyingine.

Mji ulistawi katika karne ya 16 na ya 17, ukiwa na ukuta kuuzunguka. Mibuyu imeota mle ndani tangu wenyewe waondoke. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyechimba pia Gede, alichimba hapa mwaka 1951, na James de Vere Allen akasimamia usafishaji wa magofu mwaka 1972. Mgeni hugundua upesi kuwa milango ya nyumba inaelekea kaskazini. Ramani inaeleza: Makka iko karibu kaskazini kamili ya Manda, tofauti ya longitudo haifiki hata digrii 2. Aliyetoka mlangoni kwake alikuwa ameelekea kibla bila kugeuka. Msikiti wa Ijumaa una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo lisilo la kawaida katika misikiti ya pwani, na wapo wasemao kuwa chini yake amelala shehe.

Vyumba ni virefu na vyembamba, na hilo halikuwa suala la mapenzi ya mwenye nyumba. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, nayo ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ikizidi urefu fulani inapinda. Basi upana wa chumba ulipangwa msituni, haukupata kufika mita 3. Kuta zenyewe ni bahari iliyogeuzwa nyumba. Matumbawe yaliyokatwa mabichi majini ni laini, yanachongeka kwa tezo, kisha hukauka yakawa magumu. Hayo yaliwekwa penye nakshi na kwenye miimo ya milango. Mengine yalichomwa kwa kuni hadi joto la karibu nyuzi 900, yakatoa hewa ya kaboni na kuacha chokaa hai. Chokaa ikinyweshewa maji, ikachanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, huanza kuivuta tena hewa ileile ya kaboni kutoka angani, polepole, miaka na miaka, mpaka irudi kuwa jiwe. Plasta unayoigusa leo ni ngumu kuliko siku fundi alipoiacha.

Kuta hizo hazina kosa. Tatizo la Takwa lilikuwa chini yake.

Mvua inayonyesha kisiwani huzama ardhini na kukutana na maji ya bahari yaliyojipenyeza kutoka pande zote. Maji matamu ni mepesi kidogo: lita 1 ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, ya mvua kilo 1. Kwa hiyo ya mvua huelea juu ya ya chumvi, yakafanya tabaka nene katikati ya kisiwa na jembamba kuelekea ufukweni. Mholanzi Badon Ghijben mwaka 1888, kisha Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walipiga hesabu yake. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo kama mita 40 chini yake. Inafurahisha ukiisoma hivyo. Isome kinyume: ukiteka hadi maji ya kisima yashuke sentimita 10 na yakabaki hapo, chumvi chini yake inaweza kupanda hadi mita 4. Mtekaji haoni kitu. Anaona kisima kina maji kama jana, ila chai imebadilika ladha.

Takwa ilikaa mahali pabaya kwa hesabu hii. Mkono wa bahari uko upande mmoja, bahari kuu upande wa pili, na ardhi kati yao ni nyembamba. Tena mwamba wa matumbawe umejaa matundu na mianya. Maji yakijaa na kupwa nje, yanatikisika hata ndani ya jiwe, matamu na ya chumvi yanachanganyika. Mji ulipokuwa mdogo, tabaka lilihimili. Watu wakiongezeka, na msikiti nao una birika la kutawadhia mara tano kwa siku, ndoo zinashinda mvua.

Mwishoni mwa karne ya 17 watu walihama. Sababu mbili ndizo zinazotajwa zaidi: ugomvi na mji wa Pate, na visima kuingia chumvi. Mimi nauamini zaidi upande wa visima, kwa sababu ya walikokwenda. Mapokeo yanasema walivuka mlango wa bahari wakafanya makazi Shela, kisiwani Lamu, mwendo mfupi wa mashua. Anayemkimbia adui hukimbilia mbali, si kwa jirani anayeonekana akianika nyavu.

Shela ina nini? Ina mchanga. Nyuma ya kijiji kuna machuguu ya mchanga yanayofuata ufuo kwa takriban kilomita 12, na mvua ya pale ni ileile ya Manda. Tofauti ni chembe. Mchanga mwembamba huyanywa maji ya mvua papo hapo, kabla jua halijayala, kisha huyazuia yasikimbilie baharini, wala hauyaruhusu ya bahari kuingia na kutoka kwa pupa. Tabaka tamu linanenepa. Visima vya Shela, na vya mji wa Lamu, vinategemea machuguu hayo.

Uhusiano haujakatika. Nje ya ukuta wa Takwa kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, yaani 1682 au 1683. Watu wa Shela hulirudia mara mbili kwa mwaka kuomba mvua. Kati ya mambo yote ya kuomba kwenye kaburi la Takwa, sioni lililo sahihi zaidi.

Siku hizi ndege za Lamu hutua Manda hiyohiyo, na mgeni huvushwa kwa boti hadi Lamu au Shela, ambako huoga maji yaliyopita mchangani. Majumba ya kifahari yamepanda machuguu, na kila jumba lina shimo la choo juu ya tabaka lile, na pampu ndani yake. Ndoo ilikuwa na kipimo: mkono wa mtekaji huchoka, usiku kisima kinapumzika na maji yanarudi usawa wake. Pampu huvuta mpaka mtu akumbuke kuizima. Chumvi ikishapanda, haishuki kwa mvua ya msimu mmoja. Inabidi isukumwe chini na masika kadhaa mfululizo, na hapo ni iwapo uvutaji umepunguzwa. Lamu haina machuguu mengine ya kuhamia.