Kuwinda kwa mbali: ukubwa wa risasi peke yake hautoshi

Mnyama akipigwa kwa risasi isiyofaa, mara nyingi haanguki palepale. Anakimbia na jeraha, anajificha kichakani, anakufa baada ya saa nyingi, na nyama inaozea porini bila kumfaa mtu. Akiwa ni nyati, anaweza kumngojea mwindaji anayefuata damu na kumrudia kwa pembe. Kwa sababu hiyo, katika nchi ambako uwindaji wa bunduki umeruhusiwa na kupangwa na serikali, uchaguzi wa risasi hauachiwi mwindaji peke yake.

Namibia ni mfano mzuri. Nchi hiyo ina mbuga wazi na kavu, na mara nyingi mwindaji hupiga akiwa mita 150 hadi 300 kutoka kwa mnyama. Sheria ya huko haitaji jina la bunduki wala kampuni. Inapima nguvu ya risasi inapotoka mtutuni, kwa kipimo kinachoitwa juli. Kwa swala mdogo kama springbok, risasi lazima iwe na juli 1.350 au zaidi. Kwa tandala, choroa, kongoni, nyumbu na pofu, ni juli 2.700. Kwa nyati na tembo, ni juli 5.400.

Hesabu zinasema nini

Risasi ya .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952, ikibeba kichwa cha gramu karibu 10 hutoka na mwendo wa mita 860 hivi kwa sekunde. Nguvu yake ni karibu juli 3.600. Dada yake mkubwa, .30-06 Springfield, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906, inakaribia juli 4.000. Zote mbili zinatosha kwa tandala, lakini hakuna inayoruhusiwa kwa nyati. Kwa mnyama huyo, wengi hushika .375 Holland & Holland ya mwaka 1912, ambayo inapita juli 5.700.

Na risasi ya Kalashnikov, ile ya 7,62 kwa 39, ambayo raia wa mashariki mwa Congo wanaijua kwa mlio wake? Ina juli 2.000 hivi. Huko Namibia ingeishia kwa springbok, haingefika kwa tandala. Zaidi ya hapo, risasi ya jeshi imefunikwa chuma mwili mzima. Inapita katika mwili bila kupanuka na kuacha tundu jembamba. Risasi ya uwindaji ina ncha laini inayofunguka ikigusa nyama, ili mnyama afe haraka. Azimio la La Haye la mwaka 1899 lilikataza risasi za kupanuka vitani, kwa kuwa zinamwumiza askari kupita kiasi. Kwa mwindaji, jambo hilo hilo ndilo linalompunguzia mnyama mateso.

Mita 300 si mita 50

Nguvu inayoandikwa kwenye boksi ni ile ya mtutuni. Ikifika mita 300, risasi ya .308 imebaki na karibu asilimia 60 tu ya nguvu hiyo. Tena, risasi haiendi kwa mstari ulionyooka: tangu inapotoka mtutuni, inavutwa chini na uzito wake. Bunduki iliyorekebishwa kupiga katikati kwenye mita 200 itapiga chini kwa karibu robo mita kwenye mita 300. Kwenye mita 400 itapiga chini kwa karibu robo tatu ya mita. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala wa kadiri haizidi sana upana wa sahani ya chakula. Mwindaji aliyekosea kukadiria umbali kwa mita 100 atavunja mguu au kupasua tumbo.

Upepo nao unafanya kazi yake. Ukivuma kutoka ubavuni kwa kilomita 16 kwa saa, unaisukuma risasi pembeni kwa sentimita 15 hadi 25 kwenye mita 300, kufuatana na umbo la kichwa chake. Hapo ndipo 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007, ilijipatia jina. Ilitengenezwa kwanza kwa mashindano ya kulenga shabaha. Kichwa chake ni chembamba na kirefu, kinapasua hewa vizuri, hakisukumwi sana na upepo, na bunduki haipigi bega kwa nguvu. Inatoka na juli 3.100 hivi, chini ya .308, lakini njiani inatunza mwendo wake vizuri zaidi.

Jambo la bega si dogo. Mtu anayeogopa pigo la bunduki yake hufumba macho au kuvuta kifyatulio kwa ghafula, na risasi inakwenda kando. Risasi ya kadiri ikipiga mahali panapofaa inaua vizuri kuliko risasi kubwa iliyopiga pabaya.

Na huku Congo?

Katika msitu wa Ituri au wa Maniema, macho hayafiki mbali, na mwindaji wa kijiji anatumia kalibri 12, mtego au mshale. Nchi wazi ya kupigia mita 300 ipo hasa katika mbuga kama Garamba, tambarare ya Rwindi ndani ya Virunga, au Upemba. Hizo ni hifadhi za taifa, na humo uwindaji umekatazwa kabisa. Nje yake, uwindaji unasimamiwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982: inahitaji kibali, na wanyama kama okapi hawaguswi hata kwa kibali. Silaha ya vita nayo si mali ya raia.

Historia ya eneo hili ina fundisho lake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W.D.M. Bell aliwinda tembo katika eneo la Lado, ambalo wakati ule lilikuwa mikononi mwa mfalme Léopold II. Aliua tembo zaidi ya 1.000 maishani mwake, wengi wao kwa risasi ndogo ya 7 kwa 57 ya Mauser, yenye karibu nusu tu ya nguvu ambayo Namibia inadai leo kwa tembo. Aliweza kwa sababu alijifunza ubongo wa tembo uko wapi kutoka kila upande, na alisogea karibu sana kabla ya kufyatua. Hesabu hiyo ya tembo leo inaonekana kama msiba, na mbuga ya Garamba, isiyo mbali na Lado, inajua vizuri bei ya pembe.

Kwa yule mwenye kibali mkononi, mafundi wa kazi hii wanarudia mambo yaleyale: risasi yenye nguvu inayotosha kwa mnyama anayetafutwa, ncha inayofunguka, bunduki ambayo bega linaivumilia, na mazoezi ya kutosha kujua mwisho wa uwezo wake. Na kama umbali unatia mashaka, ni heri kusogea au kumwacha mnyama aende zake.